Rusizi: Namna kaya zinavyobana matumizi, na mahali ambapo kubana kunageuka hasara

Kwa kaya nyingi za Wilaya ya Rusizi, kuanzia Kamembe hadi bonde la Bugarama, fedha iliyokuwa ikitosha kwa mwezi mzima sasa huisha kabla ya wiki ya nne. Watu wamepata njia nyingi za kukabiliana na hali hiyo. Wengine hubadilisha chakula, wengine hupunguza makaa, wengine hununua kwa pamoja, na wapo wanaokopa. Baadhi ya njia hizi huokoa fedha kweli, lakini nyingine huahirisha gharama tu, na gharama hiyo ikirudi huwa kubwa kuliko ilivyokuwa mwanzo. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo, na sababu za bei kubaki juu hata baada ya taarifa kusema kwamba mfumuko umepungua.

Mfumuko ukipungua, bei haishuki

Kwa mujibu wa Taasisi ya Takwimu ya Rwanda (NISR), bei za mijini zilipanda kwa wastani wa asilimia 13.9 mwaka 2022 na asilimia 14.0 mwaka 2023, kisha asilimia 4.8 mwaka 2024. Mwezi Novemba 2022 peke yake, bei zilikuwa juu kwa asilimia 21.7 zikilinganishwa na Novemba ya mwaka uliotangulia. Benki Kuu ya Rwanda inalenga mfumuko ubaki kati ya asilimia 2 na 8, kwa hiyo mwaka 2024 lengo hilo lilifikiwa.

Hata hivyo, mfumuko hupima kasi ya kupanda kwa bei, haupimi kimo cha bei yenyewe. Bidhaa iliyouzwa faranga 1,000 mwaka 2021, ikiwa ilifuata wastani huo, ilifika takriban faranga 1,139 mwaka 2022, faranga 1,298 mwaka 2023 na faranga 1,360 mwaka 2024. Kasi ilipungua, lakini faranga 360 zilizoongezeka hazikuondoka. Mtu ambaye kipato chake hakikupanda kwa kiwango hicho amekuwa maskini zaidi ingawa bado anapokea kiasi kile kile. Ndiyo sababu mama wa nyumbani anaposikia redioni kwamba mfumuko umeshuka, kisha akaenda sokoni na kukuta bei ni zile zile, haoni uhusiano kati ya habari na kikapu chake.

Serikali ilijaribu kulegeza mzigo huo. Mwezi Aprili 2023 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye mchele na unga wa mahindi, na ikaweka ukomo wa bei: mchele wa kigori faranga 820 kwa kilo, unga wa mahindi faranga 800 na viazi vya Kinigi faranga 460. Hatua hiyo iliupa umma kipimo cha kulinganisha bei ya duka na bei iliyotangazwa. Lakini zipo gharama nyingine ambazo ziliendelea kupanda, na mojawapo ni mafuta ya magari. Mwezi Julai 2025 bei ya petroli ilipanda kutoka faranga 1,633 hadi 1,803 kwa lita. Hata asiye na gari hulipa ongezeko hilo ndani ya bei ya kila kitu kilichobebwa na lori.

Wilaya iliyo mwisho wa barabara na mwanzo wa mpaka

Rusizi ina mazingira yake. Bidhaa nyingi zinazoingia Rwanda kutoka nje hupitia bandari ya Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilomita elfu moja hadi Kigali, kisha hukata kilomita nyingine zaidi ya mia mbili kupitia Huye na msitu wa Nyungwe kabla ya kufika Kamembe. Kila kilomita ina gharama yake ya mafuta, na mnunuzi wa mwisho ndiye anayezijumlisha zote.

Kwa upande mwingine, wilaya hii imezoea kupata unafuu kutoka kwa majirani. Daraja la mto Rusizi linaiunganisha na Bukavu, na mpaka wa Ruhwa unaiunganisha na Burundi. Milango hiyo miwili imetikisika. Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda mwezi Januari 2024, na biashara ndogo iliyokuwa ikileta ndagala za ziwa Tanganyika na bidhaa nyingine kupitia Bugarama ikapoteza njia yake ya kawaida. Mwezi Februari 2025 mji wa Bukavu ulitekwa na waasi wa M23, benki za mji huo zikafunga milango, na fedha taslimu zikaadimika. Mwanamke wa Kamembe anayeishi kwa kuvusha nyanya, nyama au maziwa kwenda Bukavu humtegemea mnunuzi aliye ng'ambo. Mnunuzi huyo akikosa fedha, meza ya Kamembe nayo hupungua.

Lipo pia suala la sarafu. Wafanyabiashara wengi wa mpakani hupokea faranga za Kongo au dola, kisha hulipa kodi ya nyumba na chakula kwa faranga za Rwanda. Mwaka 2023 faranga ya Rwanda ilipoteza takriban asilimia 18 ya thamani yake mbele ya dola. Aliyekuwa na akiba ya dola alinufaika, ilhali aliyenunua kwa dola bidhaa za kuuza kwa faranga aliona mtaji wake ukiyeyuka bila kuibiwa na mtu.

Jikoni: kubadilisha, si kupunguza tu

Chakula ndicho kinachokula sehemu kubwa ya kipato cha kaya yenye uwezo mdogo, kwa hiyo ubanaji huanzia hapo. Jambo la kwanza ambalo familia nyingi hufanya ni kuondoa nyama, na kwa afya si kosa. Hasara huja pale ambapo nafasi ya nyama haijazwi na kitu.

Rusizi haikosi cha kujazia. Maharagwe yakiliwa pamoja na mahindi, kama katika impengeri, hukamilishana: virutubisho vinavyopungua katika kimoja hupatikana katika kingine. Sambaza wa ziwa Kivu, samaki wadogo waliopandikizwa humo mwishoni mwa miaka ya 1950 kutoka ziwa Tanganyika, huliwa mzima pamoja na mifupa yake, hivyo kipimo kidogo humpa mtoto protini na madini ya kujenga mifupa. Uvuvi wao husimamishwa kwa takriban miezi miwili kila mwaka ili wazaane, na wakati huo bei hupanda. Kaya zinazojua kalenda hiyo hununua mapema, hukausha na kuhifadhi. Sambaza waliokaushwa wakasagwa huweza kuchanganywa katika uji wa mtoto au kutiwa katika sombe badala ya nyama.

Mboga za majani ni eneo jingine ambalo fedha inaweza kubaki mfukoni. Bustani ya jikoni, inayojulikana kwa Kinyarwanda kama akarima k'igikoni, haihitaji shamba. Magunia ya udongo yaliyotobolewa pembeni au beseni kuukuu hutosha kuotesha lengalenga, sukumawiki na vitunguu katika ua mdogo wa Kamembe. Faida yake inazidi bei ya mboga zenyewe, kwa kuwa familia yenye mboga uani hula mboga kila siku, wakati familia inayonunua hula siku zile tu ambazo fedha imebaki.

Wakati wa kununua nao una uzito. Maharagwe na mahindi hushuka bei baada ya mavuno ya Msimu A, mwanzoni mwa mwaka, na tena baada ya Msimu B, katikati ya mwaka. Anayeweza kununua kilo ishirini wakati huo na kuzihifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa, ambamo wadudu hufa bila dawa, hujiepusha na bei za Novemba na za Aprili, miezi ambayo maghala ni matupu na mashamba bado mabichi. Mchele unaolimwa katika bonde la Bugarama nao huwa na nafuu zaidi karibu na mavuno, na karibu na mahali unapokobolewa.

Moto na umeme: akiba isiyoonekana

Katika nyumba nyingi, makaa humaliza fedha bila kupigiwa hesabu kwa sababu hununuliwa kidogo kidogo. Njia rahisi kuliko zote ya kuyapunguza ni kuloweka maharagwe usiku mzima na kumwaga maji yake kabla ya kupika. Maharagwe yaliyolowekwa huiva kwa muda mfupi zaidi kuliko makavu. Njia ya pili ni kufunika sufuria, kwani mvuke unaotoka ni makaa yanayopotea. Njia ya tatu, ambayo wazee waliijua, ni kuitoa sufuria motoni ikiwa inachemka na kuifukia katika kikapu kilichojazwa nguo au blanketi. Wali na viazi humalizia kuiva humo bila moto.

Jiko lenyewe lina maana pia. Rondereza, jiko bora la udongo ambalo jina lake latokana na neno la Kinyarwanda lenye maana ya kutumia kwa kiasi, hulifungia joto chini ya chungu badala ya kuliacha litawanyike kama linavyotawanyika kwenye mafiga matatu. Mbabula iliyopasuka au kupoteza udongo wake wa ndani hula makaa zaidi, na kuikarabati mara nyingi ni nafuu kuliko kuendelea kuilisha.

Katika umeme, wengi hukosa kuelewa namna bei inavyopangwa. Bei ya majumbani huenda kwa ngazi. Kuanzia mwaka 2020 uniti 15 za kwanza za mwezi zilitozwa faranga 89 kila moja, uniti zilizofuata hadi 50 faranga 212, na zilizozidi hapo faranga 249, kabla ya kodi. Katika mabadiliko ya mwaka 2025, ngazi ya kwanza ilibaki faranga 89 na kupanuliwa hadi uniti 20, huku ngazi za juu zikipandishwa.

Ngazi hizo huhesabiwa kwa kujumlisha manunuzi ya mwezi mmoja wa kalenda. Hapa ndipo kosa hutokea. Mtu anayenunua umeme mwingi tarehe 28 ili uingie mwezi ujao hulipia bei ya ngazi ya juu kwa uniti ambazo, kama angesubiri siku tatu, angezipata kwa bei ya ngazi ya chini. Kwa kaya yenye taa, redio na simu za kuchaji tu, kubaki ndani ya ngazi ya kwanza kunawezekana. Kwa nyumba ya wapangaji wanaotumia mita moja, hali ni kinyume: matumizi ya wote hujumlishwa na wote huingia ngazi ya juu, hata yule mwenye taa moja. Wapangaji wanaoelewa jambo hili huweza kumwomba mwenye nyumba mita za kutengana.

Gharama ya kununua kidogo kidogo

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Kijiko cha mafuta, kifuko cha sukari na kipande cha sabuni huonekana nafuu kwa sababu vinalipiwa sarafu chache. Lakini bei ya lita moja iliyonunuliwa kwa vijiko huwa juu kuliko bei ya lita moja iliyonunuliwa kwa chupa. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo hulipa zaidi kwa kitu kile kile kuliko mwenye fedha nyingi. Huo si uzembe wake. Ni matokeo ya kukosa fedha ya mkupuo.

Ibimina, vikundi vya kuweka na kukopa vinavyopatikana karibu katika kila kijiji cha Rwanda, vinaweza kuuvunja mnyororo huo. Chukua mfano wa kaya kumi zinazochanga faranga 2,000 kila wiki. Kila wiki zinapata faranga 20,000, na kwa mwezi zinafika 80,000. Badala ya kumpa mmoja wao fedha zote kwa zamu, kikundi kinaweza kutenga sehemu ya kununua gunia la mchele, dumu la mafuta na katoni ya sabuni kwa bei ya jumla, kisha kugawana kwa mizani. Tofauti ya bei iliyokuwa ikienda kwa mchuuzi hubaki kwa wanachama. Familia za Waislamu hufanya hivyo kabla ya Ramadhani kwa sukari, tende na unga wa uji, na utaratibu huo huo unaweza kuendelea mwaka mzima.

Vikundi huvunjika kwa sababu zinazojulikana: fedha kukaa mkononi mwa mtu mmoja, kukosa maandishi, na mikopo kutolewa kwa kuoneana haya. Mali bila daftari huisha bila habari. Kikundi chenye daftari linalosomwa mbele ya wote, sanduku lenye funguo zaidi ya moja zinazoshikwa na watu tofauti, na akaunti katika Umurenge SACCO, chama cha akiba na mikopo kilichoanzishwa mwaka 2009 katika kila tarafa, huwa na nafasi kubwa zaidi ya kudumu.

Ipo pia fedha ndogo ambayo wengi huiacha dukani. Tangu mwaka 2024 mnunuzi anayedai risiti ya EBM yenye namba yake ya simu, baada ya kujiandikisha, hurudishiwa asilimia 10 ya kodi ya ongezeko la thamani aliyolipa. Katika bidhaa ya faranga 11,800, kodi ni faranga 1,800 na marejesho ni faranga 180. Kwa manunuzi ya siku moja ni kitu kidogo, lakini kwa anayejenga chumba au kununua vifaa vya duka, ni haba na haba inayojaza kibaba.

Mahali ambapo kubana ni hasara

Shida inapozidi, watu hukata kile kisicholia mara moja. Chakula cha mtoto, bima ya afya na shule ndivyo hukatwa mara nyingi kwa sababu madhara yake hayaonekani wiki hiyo. Hapo ndipo ubanaji hugeuka kuwa deni.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2019-20 ulionyesha kuwa asilimia 33 ya watoto wa Rwanda walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na kwamba Mkoa wa Magharibi, ambamo Rusizi imo, ulikuwa miongoni mwa mikoa yenye kiwango cha juu, asilimia 40. Kudumaa hutokea hasa tangu mimba hadi umri wa miaka miwili, na sehemu kubwa ya madhara yake hairekebishiki baadaye. Kwa sababu hiyo, kaya inayolazimika kupunguza chakula inashauriwa kutogusa sahani ya mama mjamzito, ya mama anayenyonyesha wala ya mtoto mdogo. Katika nyumba nyingi mama hula mwisho na hula kilichobaki. Anapokuwa mjamzito, desturi hiyo humpunguzia mtoto aliye tumboni. Familia zenye uwezo mdogo zinaweza kuulizia katika kituo cha afya unga wa Shisha Kibondo, ambao hutolewa kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo wanaostahili.

Kwa mtoto wa shule, chakula cha shuleni ni miongoni mwa misaada mikubwa ambayo mzazi anaweza kuipata kwa gharama ndogo. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2022, mchango wa mzazi katika shule ya msingi ya umma ni faranga 975 kwa muhula, yaani faranga 2,925 kwa mwaka wa mihula mitatu, huku serikali ikilipa sehemu kubwa iliyobaki. Hakuna mlo wa nyumbani unaoweza kupikwa kwa bei hiyo. Kumbakiza mtoto nyumbani ili asaidie kubeba mizigo mpakani humwondolea masomo na mlo wa mchana kwa pamoja.

Hesabu ya mituweli nayo ni ya wazi. Mwanachama hulipa faranga 200 anapotibiwa katika kituo cha afya, na asilimia 10 ya gharama anapolazwa hospitali. Matibabu ya faranga 60,000 humgharimu mwanachama faranga 6,000, na asiye mwanachama hulipa zote. Mwaka wa mituweli huanza tarehe 1 Julai, wakati ambao fedha huwa zimebanwa na mambo mengi. Vikundi vingi vya ibimina hutenga mchango huo kidogo kidogo kuanzia Januari ili Julai isiwakute mikono mitupu.

Mkopo wa kununua chakula

Pale akiba inapokosekana, mlango wa karibu ni mkopo. Mkopo wa kuongeza mtaji unaweza kujilipa wenyewe, lakini mkopo wa kununua chakula hauna kitakachoulipa isipokuwa chakula cha mwezi ujao. Anayekopa faranga 20,000 kwa ada ya asilimia 10 kwa mwezi, na kila mwezi akalipa ada tu na kukopa upya, baada ya miezi kumi atakuwa amelipa faranga 20,000 na bado anadaiwa 20,000 zile zile.

Hatari zaidi ni wakopeshaji wasio rasmi wanaoitwa Banki Lamberi, ambao huchukua kitambulisho, hati ya kiwanja au kadi ya benki kama dhamana, na riba yao haina mipaka ya kisheria. Mkopeshaji asiyeruhusiwa na Benki Kuu hawezi kumlinda mkopaji kwa sheria yoyote. Ikiwa mkopo hauepukiki, kikundi cha ikimina au SACCO ni mahali salama zaidi pa kuanzia, kwani masharti yake yameandikwa, na katika ikimina faida ya riba hurudi kwa wanachama wenyewe.

Mpangilio wa matumizi

Kwa kaya inayotaka kuanza, utaratibu unaowafaa wengi ni kuandika kila kinachotoka kwa wiki mbili bila kubadilisha chochote, kisha kukaa pamoja, baba, mama na watoto wakubwa, na kuisoma orodha hiyo. Mara nyingi kinachowashangaza ni jumla ya vitu vidogo: pikipiki za safari fupi, vifurushi vya intaneti vya siku moja moja, soda na vijiko vya mafuta. Baada ya hapo matumizi hupangwa kwa zamu: kwanza chakula cha watoto na wajawazito, kodi ya nyumba, mituweli na mchango wa shule, pili makaa, umeme na maji, tatu akiba, hata ikiwa ni faranga 500 kwa wiki, mwisho mengineyo. Sherehe, mavazi ya sikukuu na michango ya harusi huingia katika fungu hili la mwisho, na kwa wengi ndilo gumu kuliko yote kwa kuwa linagusa heshima. Baadhi ya familia zimekubaliana waziwazi na ndugu zao kupunguza viwango vya michango, na zimegundua kwamba ndugu hao nao walikuwa wakisubiri mtu wa kulisema jambo hilo kwanza.